Sura ya Tano: Tairi la Gari Nyuma ya Gold Wing

Kati ya miji ya Lincoln na Grand Island, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, barabara kuu namba 80 inanyooka kwa maili 72, sawa na kilomita 116 hivi, bila kona yoyote ya maana. Mahindi kushoto, mahindi kulia, malori mbele na nyuma. Anayepita hapo kwa gari anapigana na usingizi. Anayepita kwa pikipiki kubwa ya safari ana jambo jingine linaloendelea chini yake bila yeye kuliona: tairi lake la nyuma linalika katikati tu.

Litazame tairi la namna hiyo likishavuliwa. Lisimamishe ukutani, upitishe kiganja juu yake kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Lilipotoka kiwandani mgongo wake ulikuwa mviringo kamili. Sasa katikati pamekuwa bapa, upana wa vidole vinne, na mifereji ya kutolea maji imebaki alama hafifu. Ukisogeza kidole pembeni unakutana na ukingo, kama ngazi ndogo, na baada ya ukingo huo mpira ni mzima, mweusi, mara nyingine una hata vile vinyweleo vya kiwandani. Tairi limekwisha, ni la kutupwa, na sehemu kubwa ya mpira wake haijawahi kugusa lami.

Kutokana na hasara hiyo ndipo ulipozaliwa mtindo ambao umewagawa waendesha pikipiki wa Marekani: kuvua tairi la pikipiki nyuma na kufunga tairi la gari dogo. Wanaofanya hivyo hujiita Darksiders, watu wa upande wa giza, kwa kukumbuka filamu za Star Wars. Wenzao wengine huwaona kama watu wanaocheza na roho zao. Mimi nina msimamo wangu, nao utaonekana, lakini kwanza wapewe haki yao, kwa sababu hesabu walizopiga si za kijinga.

Pikipiki inayotajwa zaidi katika habari hii ni Honda Gold Wing. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, ikiwa na injini ya silinda 4 yenye cc 999. Mwaka 1988 ikaja ya silinda 6, cc 1,520. Mwaka 2001 ikatoka GL1800, cc 1,832, na mwaka 2006 Honda wakaifungia mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, jambo ambalo pikipiki ya kuuzwa madukani haikuwahi kuwa nalo. Ina gia ya kurudi nyuma, redio, masanduku ya mizigo na kiti cha abiria chenye mgongo na sehemu za kuwekea mikono. Yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 400. Mpandishe mume, mke na mizigo ya wiki mbili, unakaribia kilo 600, na zaidi ya nusu ya uzito huo hulalia tairi la nyuma. Tairi hilo hilo ndilo linalosukuma, na ndilo linalopashwa joto na lami ya Texas mwezi wa saba.

Wengi wa wenye GL1800 hupata kilomita 15,000 hadi 20,000 kwa tairi moja la nyuma. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi hiyo ni miaka. Kwa watu wa masafa hiyo ni likizo moja. Kuna mashindano ya Iron Butt Rally, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, ambapo washiriki huzunguka Marekani kwa siku 11, na wanaoongoza hufikisha maili 11,000 au zaidi, karibu kilomita 17,700. Fikiria tairi linalokwisha ukiwa kwenye mji mdogo wa Montana siku ya Jumapili, duka la pikipiki limefungwa, na likifunguliwa kesho saizi yako haipo. Tairi la gari linapatikana kila mahali, mara nyingi kwa nusu ya bei, na hufika kilomita 40,000 na kuendelea.

Sasa angalia jinsi walivyolichagua. Tairi la asili la nyuma la GL1800 za 2001 hadi 2017 ni 180/60R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kipenyo cha milimita 622. Tairi la gari la 195/55R16 lina milimita 621. Tofauti ni milimita moja na nusu hivi, kwa hiyo kimo cha pikipiki hakibadiliki wala mwendo wa injini barabarani haubadiliki. Saizi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifungwa kwenye magari ya Mini Cooper, nyingi zikiwa za aina inayoweza kuendelea na safari hata ikiishiwa upepo, maana mbavu zake ni ngumu. Halafu kuna uwezo wa kubeba. Tairi la asili la Gold Wing liliandikwa 74, namba inayomaanisha kilo 375. La Mini limeandikwa 87, yaani kilo 545. Mtu aliyewahi kuona tairi la nyuma likipasuka na abiria wake yuko nyuma, hizo kilo 170 za ziada hazichukulii kama mzaha.

Kwa hiyo linaingia, linabeba, linadumu, ni rahisi. Tatizo liko kwenye umbo.

Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa anaiona tofauti hii kila siku barabarani. Bajaji ikifika kwenye kona hukata usukani na kubaki wima. Ikizidisha mwendo huinua gurudumu moja. Bodaboda hulala. Gari na bajaji hupinda kwa kugeuza magurudumu ya mbele. Pikipiki hupinda kwa kulala, na kadiri mwendo unavyozidi au kona inavyobana ndivyo inavyotakiwa kulala zaidi. Ukiingia kwa kilomita 60 kwa saa kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50, pikipiki lazima ilale nyuzi 30 hivi. Si hiari ya dereva wala ushujaa wake. Ni nguvu za asili zinazodai.

Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo kwa sababu hiyo. Pikipiki inapolala, sehemu inayogusa lami husogea taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, na umbo lake halibadiliki sana. Tena kule kulala kwenyewe kunazalisha nguvu inayovuta tairi kuelekea ndani ya kona. Tairi la gari limeundwa kwa kazi tofauti kabisa. Uso wake ni bapa kwa sababu gari halilali, na wahandisi wake walitaka mpira wote ulalie lami muda wote. Ulilaze nyuzi 30 nalo linataka kusimama juu ya bega lake. Kwenye tairi la mviringo la upana huu, kwa nyuzi hizo, kitovu cha mgusano huwa kimehama sentimita 4 au 5 kutoka katikati ya gurudumu. Kwenye tairi bapa kinaelekea kwenye bega, sentimita 7 au 8. Uzito wote wa nyuma unasukumwa kutoka pembeni, na msukumo huo unataka kuirudisha pikipiki wima.

Dereva anauhisi kwenye mikono. Kwa tairi la kawaida, ukishailaza Gold Wing kwenye kona ndefu inatulia hapo, na mikono inapumzika. Kwa tairi la gari inabidi uendelee kusukuma mpini wa upande wa ndani kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho, la sivyo pikipiki inainuka na kutoka nje ya mstari wake. Na hiyo ni lami nzuri. Penye makorongo yaliyochimbwa na malori, au pale lami mpya inapokutana na ya zamani kwa ngazi, upande mmoja wa uso ule bapa hupanda kabla ya mwingine na pikipiki hupigwa kikumbo cha ubavu. Walioizoea hali hiyo husema baada ya safari chache mikono inajifunza yenyewe. Nawaamini. Mikono hujifunza mambo mengi. Ninachokiuliza ni kitatokea nini siku ambayo mikono imeshika breki kwa ghafla katikati ya kona, na haina nafasi ya kusukuma.

Hoja yao ya kujibu hili ni nzuri kuliko wanavyopewa sifa. Wamefunga kamera chini ya pikipiki zao na kupiga video, na picha zinaonyesha kwamba tairi halisimami juu ya bega kama kipande cha ubao. Ubavu unajikunja, uso unajipinda, na sehemu kubwa ya mpira inabaki chini. Kwa hiyo, wanasema, mpira unaogusa lami ni mwingi kuliko wa tairi la pikipiki, hata kwenye kona. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini ili ubavu ujikunje vizuri, wengi wao hupunguza upepo. Honda wameandika psi 41 kwa tairi la nyuma la GL1800. Watu wa tairi la gari hujaribu 36, 32, wengine hushuka hadi 28, wakitafuta kiwango ambacho pikipiki inalala kwa ulaini wanaoutaka. Na hapo ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi wa kweli, kwa sababu ya mvua.

Mwaka 1963 Walter Horne, mtafiti wa kituo cha NASA cha Langley huko Virginia, pamoja na mwenzake, walichapisha uchunguzi wao juu ya matairi ya ndege yanayoelea juu ya maji kwenye njia za kurukia. Walikuta kwamba mwendo ambao tairi huachana na lami na kuanza kuteleza juu ya maji unategemea zaidi upepo uliomo ndani yake. Kanuni yao ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha psi, zidisha kwa 10.35, unapata maili kwa saa. Iweke kwenye Gold Wing yetu. Kwa psi 41 tairi hupoteza lami kwenye kilomita 107 kwa saa. Kwa psi 28, kwenye kilomita 88. Kanuni hiyo inahusu maji yenye kina kuzidi mifereji ya tairi, si manyunyu ya jioni, na tairi la gari lina mifereji mirefu mizuri inayosaidia maji yakiwa machache. Bado kuna jambo la pili: mguso mpana na mfupi huelea mapema kuliko mwembamba na mrefu. Tairi la mviringo hupasua maji. Lile bapa linayakusanya mbele yake. Dereva wa gari likielea ana magurudumu manne na dakika ya kujuta. Dereva wa Gold Wing, gurudumu la nyuma likielea huku amelala hata kidogo, anakuwa chini kabla hajafahamu kilichotokea. Aliyeamua kufunga tairi la gari, basi asipunguze upepo wake kwa ajili ya ulaini, na mvua ikimkuta barabara kuu apunguze mwendo mapema kuliko wenzake. Hili ningemwambia hata ndugu yangu.

Turudi karakana, maana kuna jambo ambalo halionekani mpaka ushike vifaa. Gurudumu la nyuma la GL1800 linashikwa na mkono mmoja tu, upande mmoja, kwa nati 5 kama la gari, kwa hiyo kulitoa si kazi kubwa. Kazi iko kwenye rimu. Rimu hiyo ina upana wa inchi 5. Viwango vya tairi la 195/55R16 vinataka rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Limefungwa kwenye rimu nyembamba kuliko ile ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Mbavu zinabanwa kuja ndani, na uso unapata mgongo kidogo. Wapo wanaoufurahia mgongo huo kwa sababu pikipiki inalala kwa urahisi zaidi, ila mkao huo haukuwamo katika mahesabu ya aliyelibuni tairi.

Halafu kuna zile kingo mbili za ndani ya tairi, zenye waya za chuma, ambazo ndizo zinazolishika tairi kwenye rimu. Rimu ya pikipiki na rimu ya gari hutengenezwa kwa viwango viwili tofauti, hata zote zikiandikwa inchi 16. Pale ukingo unapokalia, na lile tuta dogo linalouzuia usirudi ndani, havina umbo moja. Ukijaza upepo, kingo hupanda tuta na kukaa mahali pake kwa mlio wa kupasuka, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Fundi aliyezoea huusubiri mlio huo. Tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki mara nyingine hugoma: upande mmoja umelia, wa pili uko kimya, kipimo kinapanda, 35, 40, na ukiinamia unaona ule mstari mwembamba wa ubavuni umezama sehemu moja ya rimu. Kishawishi ni kuongeza. Kwa tairi za gari dogo, watengenezaji wa Marekani wanaonya usivuke psi 40 katika kukalisha kingo, kwa sababu waya ukikatika tairi hulipuka kama bomu, na mafundi wamekufa kwa namna hiyo. Toa upepo wote, paka upya mafuta ya kufungia tairi au maji ya sabuni, zungusha tairi robo mduara, anza tena. Likigoma mara ya pili, litoe. Hakuna akiba ya dola 100 inayostahili uso wa fundi.

Maduka mengi ya pikipiki Marekani hukataa kabisa kazi hii, na sababu ni zaidi ya ukaidi. Kule tairi za gari dogo zinajaribiwa kwa kanuni ya shirikisho namba 139, na za pikipiki kwa namba 119. Ulaya kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 30 kwa gari na namba 75 kwa pikipiki. Tairi lililopasi mtihani mmoja halijakaa kwenye mtihani wa pili. Nchini Ujerumani, ambako kila kifaa kilichobadilishwa lazima kikubaliwe kwenye ukaguzi, pikipiki yenye tairi lisiloidhinishwa hupoteza kibali chake cha kuwa barabarani, na mwenye nayo anabaki na maswali magumu kwa kampuni ya bima ajali ikitokea. Honda hawalikubali tairi la gari, na makampuni ya tairi yanaonya waziwazi dhidi yake.

Wanaotetea hujibu kwamba makampuni yanalinda biashara yao, kisha hutaja kilomita walizosafiri: laki moja, laki mbili, bila kuanguka. Kilomita hizo ni za kweli na sizidharau. Zinathibitisha kwamba tairi la gari linaweza kumfikisha mtu kutoka Florida hadi Alaska na kumrudisha. Hazisemi chochote juu ya kile kilichokuwa kimebaki akiba, yaani ni nyuzi ngapi zaidi angeweza kulala, ni mita ngapi zaidi angehitaji kusimama. Nebraska haimuulizi mtu swali hilo. Anayeuliza ni barabara ya US 129 pale Deals Gap, mpakani mwa North Carolina na Tennessee, ambayo watu wa pikipiki huihesabia kona 318 ndani ya maili 11, na huuliza bila taarifa, kokoto zikiwa zimemwagika kwenye kona au gari likija limevuka mstari. Pikipiki ni chombo ambacho usalama wake wote umo katika uwezo wa kulala zaidi ya inavyolala sasa. Uwezo huo ndio unaouzwa hapa kwa kilomita 20,000 za ziada, na kwa maoni yangu ni bei mbaya, hata kwa mtu anayeishi kwenye barabara zilizonyooka, kwa sababu kuepa kitu cha ghafla kwenye barabara iliyonyooka nako ni kona.

Nasema haya nikijua kuna mahali tairi la gari ni halali yake kabisa. Pikipiki yenye kigari cha pembeni hailali, kwa hiyo uso bapa ndio unaoifaa, na watu wa vigari hivyo wamefunga tairi za gari kwa miongo mingi. Gold Wing nyingi pia hugeuzwa kuwa za magurudumu matatu, ekseli nzima ikiwekwa nyuma pamoja na tairi mbili za gari, hasa kwa wazee ambao miguu yao haiwezi tena kushikilia kilo 400 kwenye taa nyekundu. Hapo tairi limerudi kwenye kazi liliyoumbiwa, na sina neno.

Tangu mwaka 2018 Gold Wing imekuwa nyepesi zaidi na tairi lake la nyuma ni 200/55R16. Lakini zile za 2001 hadi 2017 bado ziko nyingi barabarani, zinauzwa na kuuzwa tena, na muuzaji hakumbuki kila mara kusema nini kimefungwa nyuma. Kabla ya kulipa, piga goti nyuma ya pikipiki. Mfuniko wa mizigo na kinga za matope huficha mengi, kwa hiyo chukua tochi, usiridhike na kutazama uso wa tairi; soma ubavu. Ukikuta 180/60R16, ni lake. Ukikuta 195/55R16, au 205/60R16 ambalo lina kipenyo kikubwa kwa sentimita 3, hilo limetoka kwenye gari. Usiijaribu pikipiki hiyo kwa kasi siku hiyo. Weka ndani ya bei gharama ya tairi jipya la pikipiki, na rimu ikishavuliwa mwambie fundi aikague pale kingo zinapokalia, mduara mzima, pande zote mbili, kwa kidole na kwa tochi, kabla hajafunga jingine.